Ndoa ya Desemba, Ndoa ya Julai

Jumapili, tarehe sita Aprili. Mvua imenyesha tangu kabla ya ibada, masika yenyewe, haina radi wala upepo, inamwagika tu. Malori yamepita na taa zimewashwa mchana, na hakuna hata moja lililosimama kwangu kuziba pancha.

Leo mkwe wetu wa Kilosa, mama wa mume wa binti yetu, amekuja kumchukua mtoto wa binti, na ameondoka bila mtoto. Naandika jinsi tulivyofika hapa, maana habari hii nimeisikia ikisimuliwa gengeni na mimi mwenyewe nilishindwa kujitambua ndani yake. Elimu yangu ni darasa la saba. Kazi yangu ni matairi, hapa hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Mambo ya sheria za huko nje nayaeleza kama nilivyoelezwa, na inawezekana nimeelewa nusu.

Binti ninayemsema ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama. Baba yake yupo, anauza vitunguu Dumila pale njia panda, wala sina ugomvi naye, lakini posa ikija anayesema neno ni mjomba. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake pia.

Mume wake ni mtoto wa Kilosa. Mama yake ni mtu wa milimani kama sisi. Baba yake alikuwa Mgiriki wa mashamba ya katani, akaondoka kijana akiwa mdogo, akamwachia jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa na si kingine cha maana. Kwa jina hilo kijana alipata pasipoti ya Ugiriki. Kwa pasipoti hiyo akaingia Uingereza, akapata kazi kwenye ghala la mboga. Wakati huo Uingereza ilikuwa bado ndani ya umoja wa nchi za Ulaya, na Mgiriki aliingia kule kama mimi ninavyoingia Morogoro, haulizwi.

Halafu Uingereza ikajitoa. Waliokwishaingia wakaambiwa kaeni. Wakaambiwa pia kwamba watu wao wa karibu wanaweza kuwafuata, hata kama ni wa nchi nyingine kama sisi. Ila mke ana sharti lake: awe alikuwa mke kabla mwaka ule wa kujitoa haujaisha. Mtoto hata akizaliwa baadaye hana tatizo, anaingia. Mke aliyeolewa baadaye anaambiwa apite njia ya watu wote, na njia hiyo inataka mume awe na mshahara ambao huyu wetu hajaufikia, na kwa kazi ya ghala sijui kama ataufikia.

Kwa hiyo swali ni moja, aliolewa lini.

Kijana alikuja likizo Desemba ya mwaka ule ule. Akaja hapa kwangu na mama yake na wazee wao, wakaleta mahari. Kwa desturi yetu mjomba hagusi kitu kabla hajamuuliza binti. Nikamwita, akapiga magoti kwenye mkeka. Nikamuuliza, "Tupokee?" Akajibu kwa sauti ya chini, na desturi inataka asikike mpaka nje, nikamuuliza tena.

"Pokeeni, mjomba."

Wanawake wakapiga vigelegele, nikapokea. Kuanzia hapo kwetu huyo ni mke wa mtu, na si maneno ya kupambia shughuli. Mwanaume mwingine akimgusa baada ya siku hiyo anatozwa ugoni, na mimi nimewahi kukaa kwenye kikao kilichomtoza mtu kwa binti wa namna hiyo hiyo, aliyepokelewa lakini hajaenda kanisani. Jioni ile ile watu wa mtaani walishaanza kumwita mpwa wangu mke wa Mgiriki.

Kijana akarudi kazini kwake kabla ya Krismasi. Kanisani walikwenda Julai iliyofuata, alipopata ruhusa tena. Matangazo yakasomwa, mchungaji akawafungisha, akaandika cheti. Tulikula vizuri siku hiyo. Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa kwetu binti aliolewa lini, atakwambia Desemba. Ya Julai tunaita kubariki.

Ndiyo sababu walipojaza maombi yake ya kwenda kuishi na mume, mwaka jana, yeye na mama mkwe wake waliandika Desemba. Hawakudanganya. Waliandika wanavyosema kila siku. Kisha wakaambatanisha cheti cha Julai, kwa sababu waliambiwa waambatanishe cheti, na wote wawili hawakuona kwamba hapo pana mgongano. Hata mimi nilionyeshwa kabla ya kutumwa na sikuona.

Watu wa ofisi ya kule wakaona. Wakaandika kwa adabu, naambiwa, kuuliza ipi ni ipi, na wakatoa muda wa kuleta maelezo.

Mama mkwe akanipigia simu. Akasema njoo Kilosa, kuna kazi ya mjomba.

Nilikwenda na gari la asubuhi. Wakati huo mpwa wangu alikuwa anaishi kwa mama mkwe wake huko Kilosa, na mtoto wao wa kike ameshaanza kutamka kila kitu. Tulikwenda moja kwa moja kwa wakili, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wakili ni kijana mdogo. Alisimama kunipa shikamoo, nikamwitikia, akanisogezea kiti kizuri kuliko chake. Hati ya kiapo alikuwa ameshaiandaa, akanisomea.

Ilisema mimi, mjomba na mlezi, nilishuhudia mchungaji akiwafungisha ndoa Desemba, na kwamba cheti kiliandikwa Julai kwa sababu kanisa liliishiwa na vitabu vya vyeti.

Nikasema, "Mchungaji hakuwepo Desemba."

"Tunajua hakuwepo," akasema mama mkwe.

"Na vitabu havikuisha."

"Mkwe, nani atakuja kuvihesabu? Watu wa Uingereza watapanda basi waje mpaka Kilosa kukagua kabati la kanisa?"

"Mchungaji yuko hai, na tunasali naye. Nikiapa kwamba alifungisha Desemba, nimemsingizia na yeye."

Mama mkwe ni mwanamke mrefu, anauza vitenge, amezoea kubishana na watu waliokuja kupunguza bei. Akaniuliza polepole, kama anamuuliza mtoto.

"Siku ile ulipomuuliza mtoto tupokee, ulikuwa unatania?"

"Sikutania."

"Tulipokupa, ulipokea?"

"Nilipokea."

"Basi alikuwa mke, au alikuwa nini? Hawara? Nijibu hapa hapa, yeye mwenyewe amekaa anasikia."

Mpwa wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto amelala begani. Hakuinua macho.

"Alikuwa mke," nikasema.

"Basi sema hivyo."

"Nitasema hivyo. Nitasema nilipokea Desemba, na kwetu huyo ni mke tangu siku ile. Na nitasema kanisani ni Julai."

Wakili akaweka kalamu chini. Akasema, "Mzee, hilo la kwako ni kweli, lakini kweli hiyo inaweza kumsaidia au kummaliza. Wao wanaikubali mila ikiwa imesajiliwa. Ya kwenu haikusajiliwa. Wana pia mlango wa watu walioishi kama mke na mume kabla ya cheti, ila wanataka kuona waliishi pamoja. Hawa waliishi pamoja wapi, kabla mwaka haujaisha?"

Kijana aliondoka siku chache baada ya kupokelewa, na mpwa wangu alikuwa analala kwangu, chumba kimoja na binti zangu.

Mama mkwe akacheka bila furaha. "Unaona sasa? Huyo ndiye mjomba mwenye neno. Ulaya yake inaishia pale baada ya Zombo." Ulaya ni kata, iko kwenye njia ya kurudi kwetu. Wakili aliinamia karatasi zake ili asicheke, na simlaumu, ilichekesha.

Mpwa wangu ndipo akasema, "Mjomba, nisemee tu."

Hilo tu. Nimelisikia mara nyingi tangu siku ile. Wakili alifikiri sijasikia, akataka kurudia. Nikamwambia nimesikia.

"Mwanangu, nikiapa hivi na wao wakagundua, wewe utakuwa umedanganya mbele yao, na mlango utafungwa hata kwa njia nyingine."

"Usimtishe," akasema mama mkwe. "Sema unaogopa wewe. Na nikwambie jambo jingine. Mtoto anaruhusiwa. Mwanangu ameshauliza huko. Mtoto anaingia kama anaingia chooni, asiyeruhusiwa ni huyu mama yake. Ukikataa kusaini, utakayemtenga na mwanawe ni wewe."

Niliposikia hivyo nilimtazama mpwa wangu nione kama alikuwa anajua. Alikuwa anajua.

Sina hakika kwa nini sikusaini. Ningependa kuandika kwamba ni kwa sababu ya Mungu, na labda ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine naona ni ubishi wa kusukumwa. Mtu akinisukuma huwa naganda, mke wangu anajua. Ingekuwa yule mama ameniomba kwa upole sijui ningefanyaje.

Nilimwomba wakili aandike ya kwangu. Akaiandika vizuri, ndefu kidogo, akaeleza mpaka habari ya ugoni. Nikasaini. Mama mkwe akaichukua, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama sabuni ya hotelini, akaitia kwenye pochi.

"Hii itanisaidia kuwashia mkaa," akasema.

Wiki ile ile baba wa binti akapanda gari kutoka Dumila, akaapa ile ya vitabu vya vyeti. Alinipigia akiwa njiani kurudi.

"Shemeji, wewe ulikuwa unaogopa nini? Dakika moja tu, kidole kwenye wino, kwisha."

"Wewe Desemba ulikaa uani unaongea na madereva. Uliona nini?"

"Niliona wali. Wali ulikuwepo, mchungaji alikuwepo, nani atatofautisha." Akacheka, halafu akabadilika. "Huyu mtoto hajawahi kuniomba kitu, shemeji. Hata ada ya shule aliomba kwako. Ameniomba hiki, nimempa."

Nilikata simu nikiwa na hasira, lakini maneno yale nayaona ni ya haki. Mimi nilimpa vyote vingine nikamnyima hicho.

Jibu lilikuja mwezi wa pili. Wamekataa. Walisema kiapo cha baba hakipatani na cheti, kwa sababu cheti chenyewe, kwa mkono wa mchungaji, kinasema wote wawili siku ile ya Julai walikuwa hawajaoa wala kuolewa. Hilo nalo hatukuliona. Pale kanisani mchungaji aliuliza, wakajibu kama watu wanavyojibu kanisani. Na sasa wana wasiwasi na ukweli wa maombi yote, na rufaa itakuwa ngumu.

Kiapo changu hakikutumwa. Kama kingetumwa, kingesaidia? Nilimuuliza wakili kwa simu. Akasema, "Mzee, kwa kweli sijui. Pengine wangekataa tu, lakini wangekataa bila kumwita mwongo." Nimejaribu kufurahia jibu hilo, halikufurahisha. Maana hata mama mkwe naye anaweza kusema: kama mjomba angeapa pamoja na baba, wawili wangeaminiwa kuliko mmoja. Na anasema hivyo, Kilosa nzima.

Nimefikiria pia juu ya wale waliopanga ile tarehe. Nilitaka kuwachukia. Lakini sisi wenyewe tuna siku ambayo kabla yake mwanaume akimsogelea binti ni maongezi, na baada yake ni ugoni. Tarehe lazima iwe mahali. Kinachoniuma ni kwamba ya kwao na ya kwetu zote zilipita juu ya mtu mmoja na hazikukutana.

Baada ya jibu lile mpwa wangu hakuweza kukaa tena Kilosa. Alikuwa anaambiwa kwenye chakula kwamba ukoo wake umemfungia mwanaume wa watu chumba cha peke yake ugenini. Akaja kwangu na mtoto na mabegi mawili. Nilidhani amekuja kwa sababu amenisamehe. Alikuja kwa sababu hana pengine. Shikamoo ananipa asubuhi, maana amelelewa, naitikia marahaba, na baada ya hapo hakuna neno mpaka kesho yake.

Basi leo. Tumetoka kanisani tumelowa, gari la kukodi likasimama mbele ya kibanda changu cha matairi. Mama mkwe akashuka na mwavuli, akaingia ndani, akakataa kiti. Mke wangu alimkaribisha mara nyingi, akasema hakuja kukaa. Amekuja kumchukua mjukuu wake akapigwe picha ya pasipoti na maombi yake yaanze, kwa sababu haki ya mtoto ipo na haina mgogoro.

"Nitamchukua leo na nguo alizovaa," akasema. "Nyingine zipo kwangu."

Mke wangu akasema, "Mama, mtoto ana mama yake, huyo amesimama hapo."

"Namwona. Sijaja kugombana na wewe."

Akapiga simu, akaweka spika, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Mume wa mpwa wangu alikuwa upande wa pili. Sauti yake imechoka, naye ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Akanisalimia vizuri, akamsalimia mke wangu, kisha akamwambia mkewe:

"Mama watoto, aje aanze shule huku. Wewe tutaendelea na rufaa."

"Rufaa ikishindikana?"

"Tutatafuta njia nyingine. Nimeomba zamu za usiku, mshahara utapanda."

"Utapanda mpaka kufika?"

Tulisikia kitu kama mashine kwa mbali.

"Rudi wewe," akasema mpwa wangu. "Ndege inakwenda na inarudi."

"Nikirudi kukaa, haki yangu huku itakufa. Na ya mtoto imeshikana na yangu. Nikiiachia sasa tumepoteza wote, nimekaa huku peke yangu bure."

"Mimi pia nimekaa huku peke yangu."

Mama mkwe akanigeukia. Nadhani aliona kule hakuna njia. Akasema, na kwa mara ya kwanza bila kejeli, "Mkwe, wewe ndiye mwenye neno hapa. Mtoto ni wa ukoo wenu, mimi siubishii. Lakini mjukuu wangu ni huyo mmoja. Nilimlea mwanangu peke yangu, yule Mgiriki hakuleta hata kanzu ya mahari. Leo ana kitu cha kumpa mwanawe, unataka kumzuia? Sema neno."

Nilianza kufungua mdomo. Kusema kweli nilikuwa naelekea kumuunga mkono, au angalau kusema ana hoja. Mtoto hana kosa, na mlango huo ukifungwa sijui nani ataufungua tena. Nilikuwa natafuta maneno ya kulisema hilo pasipo kumuumiza mama yake.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, wewe usiseme."

Hakupaza sauti. Mke wangu alishika mdomo, maana katika nyumba hii hajawahi kuzungumza na mimi hivyo, na mbele ya wageni.

"Kule kwa wakili nilikuomba unisemee, hukusema. Sasa naomba usiseme. Mtoto haendi bila mimi. Kama haki yake itakufa, ife, nitamweleza mwenyewe akikua."

"Atakuchukia," akasema mama mkwe.

"Atanichukia akiwa karibu."

Simu bado ilikuwa juu ya kabati. Kijana akasema, "Mama, rudi nyumbani, mvua kubwa." Akakata yeye. Mama mkwe aliichukua simu, akaifuta kwa kitenge ingawa haikuwa imelowa. Mlangoni aliniambia, "Nyumba nzima mmemfungia mtoto dunia, na wewe ndiye uliyeanza." Dereva akamfungulia mlango. Hakutuaga, nami nilibaki nimesimama kwenye matone ya bati mpaka gari likaingia njia ya Kilosa.

Neno nililotaka kusema nilikuwa na haki gani ya kulisema, sijui. Nilipokataa kusaini nilikuwa na hakika kidogo. Leo nilipotaka kukubali nilikuwa na hakika kidogo pia, na yote mawili ameyabeba mpwa wangu. Mchana mzima amefua nguo za mtoto ndani, akazitandaza kwenye viti kwa sababu nje hapakauki. Nimepita mara mbili, nikatamani kusema jambo, nikapita. Sijui kama atabaki mke wa yule kijana. Nadhani na yeye hajui.

Jioni tumekula wali na kuku. Kuku mke wangu alimchinja asubuhi baada ya kusikia mkwe yuko njiani, na haikuwa haki kumtupa. Mpwa wangu amekula chumbani na mtoto, mlango umefungwa, na sisi wengine tumekula sebuleni, pamoja na mchicha uliobaki wa jana.